Nani Alitia Sahihi? Mwongozo wa Kusoma Mipaka na Mikataba kwa Mkazi wa Moshi

Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie nchini humo, kwa maelezo kwamba yana sumukuvu kupita kiwango. Bunge halikukaa, rais hakuhutubia. Barua tu, na malori yakasimama mipakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kuthibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, na vikwazo vya biashara vikawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Somo la uhusiano wa kimataifa hufundishwa kana kwamba ni habari za mabalozi na za New York. Mkazi wa Moshi, Rombo au Mwanga analiishi kila siku ya gulio. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa uraia, mfanyabiashara wa mahindi au ndizi, kiongozi wa kijiji, na yeyote anayependa kubishana siasa kilabuni huku kata ya mbege ikizunguka. Ukiumaliza utaweza kupima kama jambo fulani ni la dola na dola, kuusoma mkataba bila kuyumbishwa na kelele, na kujua mlango wa kubisha unapoumia.

Vitabu vingi vya shule huanzia Westphalia, mwaka 1648, pale vita vya miaka 30 vya Ulaya vilipomalizwa kwa mikataba ya Osnabrück na Münster. Husemwa kwamba hapo ndipo dola zenye mipaka na mamlaka kamili zilipozaliwa. Wanahistoria wengi siku hizi wanalitilia shaka hilo, kwa kuwa mikataba ile ilihusu zaidi dini na haki za wakuu wa Kijerumani chini ya Kaisari wao, na dola za aina tunayoijua zilikomaa polepole baadaye. Sisi tutaanzia Old Moshi, ambako ushahidi uko karibu zaidi.

KISANDUKU: Maneno ya kushika kabla ya kuanza

- Dola: chombo chenye watu, ardhi na serikali, kisicho chini ya kingine.
- Taifa: watu wanaojiona kuwa wamoja. Taifa laweza kuwepo bila dola.
- Serikali: wanaoiendesha dola kwa wakati fulani. Serikali hubadilika, mikataba ya dola hubaki.
- Kutambuliwa: dola nyingine kukubali kwamba nawe ni dola.
- Kuridhia: hatua ya kuthibitisha mkataba uliokwisha kutiwa sahihi.

HATUA YA 1: Pima kama ni dola

Kipimo kinachotumika sana kilitoka kwenye mkutano wa Montevideo, Uruguay, mwaka 1933. Kina mambo manne: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kushughulika na dola nyingine. Jizoeze kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu wengi walimwita Mandara, katika miaka ya 1880.

1. *Watu.* Alikuwa nao, wenye vihamba, koo na mifereji yao.
2. *Eneo.* Alikuwa nalo, ingawa mipaka ilisogea kwa vita, hasa dhidi ya Mangi Sina wa Kibosho. Mpaka wenye ugomvi hauiondolei nchi udola. Zipo nyingi za namna hiyo hadi leo.
3. *Serikali.* Alihukumu, alitoza, aliita watu kazini na vitani.
4. *Kushughulika na wengine.* Hapa Rindi alikuwa fundi. Alipokea misafara ya pwani, wamisionari na wapelelezi wa Kizungu. Katikati ya 1885 alikubali bendera ya Sultan Barghash wa Zanzibar, iliyoletwa na mkuu wa jeshi la Sultan, Lloyd Mathews. Muda mfupi baadaye akafanya mkataba na Karl Jühlke wa kampuni ya Kijerumani ya Carl Peters. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin kwa Kaisari.

Alama nne juu ya nne. Hata hivyo, Uingereza na Ujerumani zilipoandikiana barua za makubaliano, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886, Rindi hakuhesabiwa kuwa upande wowote wa makubaliano. Alikuwa sehemu ya kilichogawanywa. Sultan Barghash aliulizwa walau mwishoni, akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, akakubali Desemba mwaka huo. Mangi hakuulizwa kabisa.

Kilichopungua ni kutambuliwa. Mtu anaweza kupanda masale kuzunguka kihamba chake na kukaa humo miaka yote, lakini siku jirani na mjumbe wanapokataa kwamba masale yale ni mpaka, atabaki na majani tu. Kwa hiyo baada ya vipimo vinne ongeza swali la tano: *nani anakubali?* Wanasheria wengine watakuambia kutambuliwa hakuifanyi dola, kunathibitisha tu kile kilichopo. Waulize hilo lingemsaidia nini Rindi.

Sasa jaribu mifano miwili bila msaada wangu, kisha linganisha.

*Uchagga wa miaka ya 1950.* Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Kulikuwa na bendera na sikukuu ya Wachagga kila Novemba, na mwaka 1957 Mangi Mkuu alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ni taifa? Kwa hisia, ndiyo. Ni dola? Hapana; ulikuwa ndani ya Tanganyika, nchi ya udhamini chini ya Waingereza. Mwaka 1960 wananchi wenyewe walipiga kura ya kuachana na umangi mkuu.

*Zanzibar na OIC.* Zanzibar ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu, na mwaka 1993 ikalazimika kujitoa. Ina watu, ardhi na serikali, lakini mambo ya nje ni ya Muungano. Inakwama kwenye kipimo cha nne.

HATUA YA 2: Usome mstari

Kwa nini? Kwa sababu mpaka ni mkataba uliochorwa ardhini. Ukijua ulivyopinda utajua nani alikuwa na karatasi gani mkononi.

1. Chukua ramani ya Afrika Mashariki na rula. Weka ncha moja pwani, mdomo wa mto Umba, kusini kidogo ya Vanga.
2. Ncha ya pili iweke ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale latitudo ya digrii 1 kusini inapoligusa.
3. Chora mstari mwembamba kwa penseli. Utapita karibu na mji wa Moshi wenyewe. Vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, vitabaki upande wa Kenya.
4. Linganisha na mpaka halisi. Unanyooka hadi Ziwa Jipe, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, unauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi ziwani. Ndivyo makubaliano ya 1886 yalivyosema, na ndivyo wa Holili na wa Taveta walivyotenganishwa mpaka leo.
5. Jiuliza: kila panapopinda, nani alikuwa na karatasi? Wajerumani walikuwa na ile ya Jühlke na Rindi. Waingereza walikuwa na zile ambazo Harry Johnston alizipata Taveta mwaka 1884.

ONYO. Utasimuliwa, pengine na mwongoza watalii kabla hamjafika kibanda cha Mandara mlimani, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kataa kwa adabu. Wilhelm wa Pili alishika kiti Juni 1888. Mpaka ulikubaliwa 1886, babu yake akiwa bado ndiye Kaisari. Ubaya wa hadithi hii ni kwamba inafanya mgawanyo uonekane mzaha wa kifamilia, na kuficha kazi ya kampuni, mawakala na karatasi zao.

Swali ambalo wanafunzi huuliza hapa: mbona tulipopata uhuru hatukuufuta mstari wenyewe? Kwa sababu ungefuta mmoja na kuamsha mia. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964, ulipitisha azimio lililoletwa na Mwalimu Nyerere kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilipinga. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa wa woga. Mimi nauona kuwa wa watu waliopiga hesabu.

HATUA YA 3: Usome mkataba kwa maswali sita

Mkataba husomwa kwa kuanzia kwenye sahihi, ukurasa wa mwisho, ndipo urudi mwanzo.

1. Nani ametia sahihi, kwa niaba ya nani? Jühlke hakuwa balozi. Alikuwa mtu wa kampuni. Carl Peters mwenyewe alikusanya karatasi za namna hiyo Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884, na Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni hati ya ulinzi. Karatasi ya mtu binafsi ikageuka dai la dola.
2. Alikuwa na mamlaka hayo? Mwaka 2023, mkataba wa Tanzania na Dubai kuhusu bandari ulipoletwa Bungeni, moja ya hoja za wapinzani wake ilikuwa hii hasa: Dubai ni sehemu ya Umoja wa Falme za Kiarabu, je, ina uwezo wa kuingia mkataba kama dola? Mahakama Kuu, Mbeya, ilitupilia mbali shauri Agosti mwaka huo. Kubali au kataa uamuzi, lakini swali lilikuwa sahihi.
3. Wanaoguswa walikuwepo au waliulizwa?
4. Uliandikwa kwa lugha gani? Karatasi za Peters zilikuwa za Kijerumani. Leo muulize mbunge wako kama kuna nakala ya Kiswahili.
5. Umeridhiwa, na unaanza lini? Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Sahihi na kuanza kutumika ni vitu viwili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000.
6. Mkiachana itakuwaje? Hili husahaulika kwenye shangwe. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Waliokuwa na shangazi Taveta walijua maana yake. Ugawaji wa mali na madeni ulimhitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yakatiwa sahihi Arusha Mei 1984.

ONYO. Usiyatumie maswali haya kuwafanya mababu wajinga. Maneno ya "walidanganywa kwa shanga" yamechosha, na hayamhusu Rindi. Aliyapokea mataifa mawili kwa wakati mmoja akijua anachokitaka: silaha na rafiki mkubwa wa kumtisha Sina. Sina naye alishikilia bendera ya Sultan hadi Hermann von Wissmann alipomshambulia Kibosho mwaka 1891. Hiyo ilikuwa siasa ya kimataifa kamili. Walichokosa ni kiti katika chumba ambamo karatasi zao zingetafsiriwa kuwa mpaka.

Gharama ya kukosa kiti hicho ilionekana kwa mwana wa Rindi. Mangi Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa 1893, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na Mangi Ngalami wa Siha na wengine, jumla watu 19. Mabaki ya watu wa Kilimanjaro yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai huku. Familia inaweza kutoa mate ya kipimo na kudai, lakini mazungumzo ya kurudisha yanapita kati ya serikali na serikali.

HATUA YA 4: Dola zinapopigana, tazama nani anatafuta uhalali

Moshi ina mfano wake, na inashangaza vijana wengi wa hapa hawaujui.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ni mpaka wa maana kuliko mstari wa digrii 1. Rudi Hatua ya 2: chini ya azimio la Cairo, uzuri wa mpaka si hoja.

Tanzania ilijibu, ikawatoa, kisha ikasonga ndani ya Uganda. Hapo likazuka tatizo. Kanuni za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama. Ukimng'oa Amin, utamkabidhi nani nchi? Ukibaki, wewe ni mvamizi. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutanishwa hapa Moshi. Wakaunda chama kimoja cha ukombozi, UNLF, wakamchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Kampala ilianguka 11 Aprili. Siku mbili baadaye Lule aliapishwa kuwa rais.

Jifunze kufanya hivi kila usikiapo habari za vita:

1. Tenganisha mambo matatu: nani alivuka mpaka kwanza, nani anadai ardhi, na nani anadai serikali.
2. Tafuta "Moshi" ya vita hiyo: mji ambako kundi linaandaliwa ili litambuliwe. Ukiupata utajua mhisani ni nani.
3. Usidhani waliokubaliana hotelini watakubaliana ikulu. Lule aliondolewa Juni 1979, akiwa na miezi miwili tu madarakani.

HATUA YA 5: Ujue mlango wa kubisha

Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili wafugaji wa Kizungu wapate nafasi. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliwapa wenyeji haki ya kupeleka malalamiko New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda, akiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake hapa Moshi. Walisikilizwa. Azimio lenye nguvu likakosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi kwa njia hiyo. Lakini shauri lao liliwafundisha Watanganyika wengine kwamba gavana naye ana anayemwangalia.

Mlango ule ulifungwa siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, kwani udhamini uliisha. Mlango mwingine uko mwendo wa saa chache kwa basi: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Chini ya ibara ya 30 ya mkataba wa Jumuiya, mkazi wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria, amri au kitendo cha nchi mwanachama anachoona kinavunja mkataba, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani.

Makosa ya kawaida

- Kusema "Wakenya wamezuia." Waliozuia ni mamlaka fulani, kwa barua fulani. Itaje.
- Kuamini kwamba soko la pamoja, lililoanza 2010, limefuta mpaka. Limepunguza ushuru na masharti. Afisa wa afya ya mimea bado yupo.
- Kupita njia za panya ili kuokoa muda. Ukikamatwa huna karatasi, na bila karatasi huna shauri.
- Kungoja mheshimiwa azungumze na mwenzake. Huenda akazungumza, na siku zako zinaendelea kuhesabiwa.

Orodha ya kukagua kabla ya kuvuka Holili au Tarakea na mzigo

☐ Pasipoti, au hati ya dharura ya safari. Uliza ofisi ya Uhamiaji inayotambuliwa ni ipi kwa safari yako; masharti hubadilika.

☐ Cheti cha asili ya bidhaa. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizoorodheshwa, una cheti rahisi kinachotolewa mpakani.

☐ Cheti cha afya ya mimea kwa mahindi, maharage, ndizi na matunda. Kwa mahindi, na kipimo cha sumukuvu.

☐ Ukizuiwa, usibishane kwanza. Omba sababu kwa maandishi: jina la amri, tarehe yake, na ofisi iliyoitoa. Piga picha tangazo lililobandikwa.

☐ Andika tarehe uliyozuiwa au uliyoijua amri hiyo. Muda wa kufungua shauri Arusha ni miezi miwili kuanzia hapo, na mahakama ile haina mazoea ya kuuongeza.

☐ Ripoti kwa kamati ya mpaka inayoshughulikia vikwazo vya biashara, pamoja na chama chenu cha wafanyabiashara. Shauri la watu 20 wenye nakala 20 za amri ileile ni rahisi kuliendesha kuliko la mmoja mwenye hasira, na gharama za wakili mtagawana.